Kipimo cha Kuchongoka na Dengu za Mama Kabula

Ninyi vijana mnaobeba bomba mgongoni, nimewaona. Napita zangu asubuhi kwenda kuwatazama mbuzi, nawakuta mmesimama kichwani mwa shamba la mtu. Mmoja anakoroga dawa kwa kijiti, mwingine anaongea na simu, wa tatu ananusa kopo kama mtu anayechagua pombe. Mnaniamkia vizuri, naitikia marahaba, napita. Sisemi neno. Nikifika kwa mbuzi ndipo nasema, na mbuzi nao wamechoka kunisikiliza. Ndiyo maana nimenunua daftari. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, inyanyueni wenyewe.

Mimi ni Shija, hapa Kishapu wengi mnaniita Baba Milembe. Maisha yangu yote ya kazi nimepiga dawa za magugu. Kwanza kwenye ngano, huko kaskazini upande wa Hanang, halafu huku nyumbani kwenye mahindi ya watu. Goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu, mimi nikalifuata.

Niwaambie kwanza habari ya hilo neno dawa, maana ndilo lililotuponza. Kwa Kisukuma tunasema bugota. Bugota ya kuponya mtoto tumbo, bugota ya ng'ombe, bugota ya kumrudisha mume aliyepotelea machimboni. Yote bugota. Sasa mtu akikwambia amekuletea bugota ya shamba, moyo wako unatulia, unaona shamba linaenda kupona. Hakuna anayeuliza, je, hiyo bugota ikimaliza kazi inakwenda wapi? Mimi mwenyewe sikuuliza, na nilikuwa ninalipwa kwa kazi hiyo.

Kule kwenye ngano nilifika kijana, sijaota ndevu za kutosha. Ngano hamjaiona ninyi, isipokuwa ikiwa chapati. Ni jani jembamba kama majani ya kawaida, na shamba lake halina mwisho, unaona anga limekaa juu yake. Katikati yake yanaota mchicha pori, mbigili, kishona nguo, mimea ya majani mapana. Kuyang'oa kwa mkono huwezi, ungezeekea mstari wa kwanza. Basi ndiyo ikapigwa dawa ambayo ikigusa jani pana inaua, ikigusa jembamba inapita kama mtu aliyekosea nyumba. Mara ya kwanza kuiona ikifanya kazi nilidhani mazingaombwe. Mchicha unajikunja, unajipinda shingo, ngano imesimama pembeni inatazama.

Aliyenifundisha ni Mzee Gwandu, Mwiraqw, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Huyu alikuwa hakuruhusu ushike dawa mpaka upige maji. Siku tatu nzima nilibeba bomba la maji matupu. Unajaza, unatembea mwendo wako wa kawaida, unapiga mpaka liishe, halafu unaona umefika wapi. Ukijua bomba moja linakufikisha wapi, ndipo unajua dawa kiasi gani iingie. Wenzangu walinicheka, Msukuma anamwagilia ngano. Lakini mpaka leo nasema, asiyejua mwendo wake hajui dawa yake. Kijana mwenye njaa anatembea upesi, kijana aliyeshiba anajikokota, na shamba linapata dawa mbili tofauti.

Jambo la pili la Mzee Gwandu lilikuwa kijiti. Dawa ikiwa ya unga, alikuwa anajaza kikopo, halafu anapitisha kijiti juu, unga uliozidi unaanguka ndani ya mfuko. Mimi nikaona huu sasa ni uchoyo, mkono wa birika kabisa. Kwetu mama akikupimia dengu kwa kopo, anamimina mpaka zinachongoka, mlima juu ya kopo, zinazomwagika ni zako. Ukimfutia mtu kipimo, amekutangaza soko zima.

Siku moja nikamwambia, "Mzee, mbona unawanyima hata magugu?"

Hakucheka. Akasema, "Wewe Msukuma, ukimpimia mtu chakula, chongoa. Ukipima dawa, futa."

Nikacheka mimi peke yangu.

Kisha kuna siku waliyojaribu kupanda alizeti mahali palipokuwa na ngano. Miaka yote ilikuwa ngano juu ya ngano, na ngano hiyo dawa haiidhuru, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua kama imebaki udongoni au imeondoka. Alizeti ikaota, ikageuka njano, ikafa, hasa kule kona ambako trekta lilikuwa linageuza. Mzee Gwandu alitupeleka kutazama. Akachuchumaa, akashika udongo, akasema, "Dawa haijui kwamba msimu wako umekwisha." Wakati huo mimi nilikuwa nafikiria mchuzi wa mchana, ilikuwa siku ya nyama. Somo zima la kazi yangu lilipita hapo, mimi niko kwenye nyama.

Nilirudi Kishapu na ujuzi huo wa nusu. Huku watu wakaniona mtaalamu, na mimi sikuwakatalia. Kosa la kwanza nililifanya kwangu mwenyewe, kwenye pamba. Bomba nililopigia dawa ya majani kwenye mahindi ya jirani nikaliosha kwa maji, mara moja tu, nikatia dawa ya wadudu, nikaenda kwenye pamba yangu. Wadudu walikufa vizuri. Pamba ikaota majani kama miguu ya chura, vidole virefu, haina hata tumba moja. Mke wangu, Mama Milembe, akaja akaitazama, akaniuliza, "Hii ndiyo pamba ya kisasa?" Tangu hapo nina mabomba mawili, moja nimelifunga kitambaa chekundu, hilo la majani, halikanyagi pamba milele. Na nguo za dawa zililala nje. Mke wangu alikuwa haniruhusu kuingia ndani mpaka nioge kwa sabuni nyuma ya nyumba, hata kukiwa na wageni. Msimcheke. Ninaandika haya nikiwa na mapafu mawili, wako wenzangu ambao hawaandiki.

Sasa nifike kwa Mama Kabula.

Mama Kabula ni jirani yetu ng'ambo ya korongo. Mumewe anaitwa Masanja, mtu mwema lakini miguu yake haitulii. Akisikia dhahabu imetoka mahali, anakosa usingizi. Shamba lao ni mbuga, ule udongo mweusi unaoshika maji na viatu. Mvua za kwanza wanapanda mahindi ya muda mfupi, wakiyatoa tu, Mama Kabula anapanda dengu juu ya unyevu uliobaki. Hizo dengu ndizo zilizosomesha watoto wake, ndizo zilizoezeka nyumba yao mabati. Mahindi ni ya kula, dengu ndiyo mzee wa nyumba.

Mwaka ule akaniita nipige dawa kwenye mahindi, magugu yalikuwa yamemshinda mkono. Nikafika na dawa yangu ya unga. Nikajaza kikopo, na kwa mara moja hiyo nikamkumbuka Mzee Gwandu, nikachukua kijiti, nikafuta.

Mama Kabula alikuwa amesimama hapo na ndoo ya maji. Akasema, "Baba Milembe, mbona unakikata? Shamba langu la mgeni?"

Nikaona haya. Huyu mama amenipimia dengu miaka mingi, hajawahi kunifutia. Nikatupa kijiti. Nikachongoa kikopo, mlima juu yake, nikasema, "Haya, hii ni ya ujirani."

"Hapo sawa," akasema. "Nilidhani mmegombana na mume wangu."

Kila bomba nikachongoa. Na nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nageuza huku bomba linapiga, sifungi. Bomba la mwisho dawa iliniishia kabla ya kumaliza, kwa hiyo kona moja karibu na kichuguu nikaiacha hivyo hivyo. Magugu yalikufa yote na ukoo wake. Mahindi yakasimama peke yake kama askari. Watu wakaja kuangalia. Nilinenepa kwa sifa.

Mvua mwaka ule ilikuwa ya kubahatisha, ikakatika mapema. Mahindi yakapatikana ya kutosha hivyo hivyo, na mbuga ikabaki na unyevu wake chini. Mama Kabula akapanda dengu. Zikaota zote, hata mimi nilipita nikazisifu. Siku kama kumi baadaye kingo za majani zikaanza kuwa njano, kuanzia majani ya chini. Halafu zikawa kahawia, kama mtu amepita na kaa la moto akazigusa moja moja. Halafu zikalala.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi ya daftari hili. Nilijua. Nilipoona tu ile njano, nikaiona alizeti ya kule kaskazini. Mama Kabula akaniuliza, nikamwambia, "Huo ni ugonjwa wa mbegu." Nikaenda nyumbani, sikula vizuri. Siku zikapita, uwongo wangu ukazaa. Watu wakasema mbegu ya Mama Kabula haijawahi kuugua, kwa hiyo hapo pana mkono wa mtu. Wakaanza kumtazama mama mkwe wake, bibi kizee anayetembea kwa fimbo. Na huku kwetu mnajua vikongwe wametazamwa hivyo wakafanywa nini.

Masanja yeye hakutafuta mchawi. Alisema, "Ardhi imekufa, basi." Kulikuwa na mtu wa Maganzo, mnunuzi wa almasi, anayetafuta mahali pa kulishia ng'ombe wake. Alikuwa tayari kulichukua shamba hata siku hiyo. Ndugu yake Masanja ana chumba Kalangalala, Geita mjini, na machimbo yako karibu. Watauza, watahamia huko, yeye ataingia duarani, shimo la dhahabu, kuchimba, mama atauza chakula cha wachimbaji.

Nilikuwepo siku alipolisema hilo, niliitwa kama jirani. Tulikuwa tumesimama shambani, mimi, yeye na mkewe. Mama Kabula alikuwa anatembea taratibu, anatazama chini, akafika mwisho wa shamba akageuka, akarudi, akafika mwisho akageuka. Halafu akaniita.

"Baba Milembe, hebu njoo uone. Huyu mchawi anatembea kwa mistari."

Nikaenda. Vijana wangu, shamba lile lilikuwa limeandika miguu yangu. Pale nilipopiga mara moja, dengu zimelala lakini nyingine zina kijani kidogo. Pale mistari ilipopandana, zimekauka kabisa. Mwisho wa kila mstari, nilipokuwa nageuza bila kufunga bomba, udongo mtupu, umbo la nusu duara. Na kona ya kichuguu, dengu za kijani, zinacheka.

"Na huku," akasema, ananionyesha ile nusu duara, "mchawi alikuwa anageuza. Unamjua mchawi anayegeuza mwisho wa mstari?"

Nikasema, "Namjua."

"Na hapa kichuguuni dawa ilimwishia?"

"Ilimwishia."

Masanja akatutazama, hajaelewa. Nikamwambia yote, kuanzia kikopo mpaka uwongo wa mbegu. Nilitegemea anipige, na ningepigwa tu, goti lingenikatalia kukimbia. Akakaa chini. Akasema, "Kwa hiyo, ngosha mwenzangu, ulitupendelea mpaka ukatuua."

Mama Kabula akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia achongoe."

"Wewe hukujua," nikamwambia. "Mimi nilifundishwa." Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa bibi kizee, nikasimama mlangoni kwake, mbele ya majirani nikasema dengu zimeuliwa na Shija na bomba lake. Bibi akaniambia, "Nilijua si mimi, mimi siku hizi hata kuku simuwezi." Watu wakacheka, na hofu ikapungua hapo.

Lakini shamba lilikuwa bado lile lile. Nikamleta afisa ugani, binti mmoja wa Tanga anaitwa Rehema, alikuja na pikipiki yake. Akasema, "Mzee wangu, kopo lenyewe liko wapi?" Nikamletea. Akasoma ile karatasi iliyobandikwa, maandishi madogo kama mayai ya chawa, Kiingereza. Akasema imeandikwa hapa, usipande jamii ya kunde baada yake mpaka mvua ya msimu mzima ipite. Nimebeba makopo yale miaka na miaka, onyo liko mgongoni kwangu, silijui. Tangu siku hiyo sifungui kopo mpaka mtu aliyesoma anisomee mpaka mwisho. Ninyi mnaosoma, hamna udhuru.

Nikamuuliza, "Mbona kwa wengine nimepiga dawa hii hii, maharage yakaota?"

Akasema udongoni mna vijidudu visivyoonekana, vyenyewe ndivyo vinavyoila dawa, na vijidudu hivyo vinataka maji. Mvua ikikatika navyo vinalala, dawa inakaa. Mama Kabula akamsaidia, "Kama michembe." Rehema hakujua michembe, mgeni huyu, ikabidi aonyeshwe vile viazi vyetu vilivyokatwa vikaanikwa, vinakaa mwaka mzima. Naam, ukame umeianika dawa yangu ndani ya mbuga, ikawa michembe.

"Kwa hiyo haijafa ardhi," Mama Kabula akasema.

"Haijafa, mama. Lakini lini dengu zitakubali, kwa udongo huu mweusi na dawa iliyozidishwa, siwezi kukuahidi."

Masanja akasema, "Mnaona. Hata serikali haijui."

Hapo Mama Kabula akasema neno ambalo nataka mlishike kuliko yote niliyofundishwa na wanaume. "Mbegu tunazijaribu kabla ya kupanda. Udongo nao tuujaribu." Akamgeukia mumewe. "Nenda Geita kachimbe, lakini usiuze. Nipe mpaka dengu zijazo. Zikifa tena, nitakuja Kalangalala na sufuria zangu, sitasema neno."

Masanja akafikiri, akakubali. Mnunuzi wa Maganzo akaambiwa asubiri.

Mama Kabula akachukua makopo ya mafuta ya kula yaliyokatwa, akatoboa chini. Matatu akajaza udongo wa pale pabaya kuliko pote, zile nusu duara zangu, vidole vinne kutoka juu. Matatu akajaza udongo wa kichuguuni. Akapanda dengu tano tano, akamwagilia sawa sawa. Mnaona hekima hiyo? Mwingine angechota pale pazuri ili ajidanganye. Za kichuguuni zikaishi. Za nusu duara zikaota, siku ya tisa zikawa njano. Nilikuwa napita kila asubuhi, namkuta amechuchumaa. Hakunilaumu, alikuwa ananisogezea kigoda.

Mvua mpya zilipoanza akapanda mtama wa muda mfupi, maana Rehema alisema mtama ni jani jembamba, dawa hiyo haiuonei. Nilimlimia mimi kwa ng'ombe wangu mara mbili, kuugeuza udongo upate hewa na maji. Hiyo haikuwa malipo, ilikuwa adabu. Na mvua mwaka huo ilinyesha kama inayotafuta mtu. Mtama ukasimama mzuri. Masanja alikuwa anapiga simu kutoka machimboni, sauti na vumbi vinakuja pamoja, anauliza, "Makopo yanasemaje?" Mkewe anamjibu, "Yananyamaza bado."

Mtama ulipoanza kukomaa, akajaza makopo tena, mahali pale pale pabaya. Siku ya tisa, kijani. Ya kumi, kijani. Ya kumi na nne akaniita, tukakaa tunayatazama makopo sita, hatuwezi kuyatofautisha, mpaka akageuza moja kuona alama aliyochora chini. Akasema tu, "Mhola." Amani. Akaingia ndani kutafuta mbegu.

Mtama ulipokwisha kuvunwa, akapanda shamba zima. Kopo ni kopo, shamba ni shamba, hilo tulilijua sote wawili, na siku zile kumi zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Nilipiga magoti kwenye zile nusu duara nikitafuta njano kama mtu aliyeangusha almasi. Sikuiona.

Masanja akaja bila kupiga simu, na begi begani, vumbi la machimbo bado liko kwenye nyusi. Hakuingia nyumbani, alipitiliza shambani. Sisi tulikuwa upande wa pili tunang'oa magugu, kwa mkono, naam, kwa mkono. Akasimama pale mstari ulipokuwa unageuka. Akainama, akashika mche mmoja wa dengu, akaung'oa. Akautazama mzizi, akauzungusha, akautazama jani kwa jani, kingo zote. Akaulamba, ule uchachu wa jani la dengu mnaujua, akakunja uso.

Akatoa simu, akampigia yule mtu wa Maganzo. Tulimsikia akisema, "Hapana, kaka. Halipo tena la kuuza."

Mama Kabula akaja mpaka alipo. Hakumsalimu. Akautazama mche mkononi mwake.

"Huo rudisha ulipoutoa."

"Nimeung'oa mmoja tu."

"Nimeuona. Rudisha."

Masanja akaweka begi chini, akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akaurudisha, akaukandamiza udongo taratibu. Mche ule haukushika, dengu haihamishwi. Ndio mche pekee niliouona ukifa mwaka ule katika shamba lile, na safari hiyo haukufa kwa mkono wangu.